Kabla sijawasha TV, binti yangu huuliza kama kuna mtu anakufa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Morogoro, kazi yangu ni ufundi wa friji. Mke wangu ni muuguzi. Wiki anazoingia zamu ya usiku mimi ndiye ninayebaki na watoto, na tangu mkubwa wetu akiwa mdogo tumekuwa na desturi yetu. Ijumaa na Jumamosi, tukishakula na kuosha vyombo, tunatandika mkeka sebuleni, napika bisi, tunaangalia muvi moja. Moja tu, ikiisha tunalala. Muvi najaziwa kwenye flashi na kijana mwenye duka jirani na karakana yangu, nyingine tunazipata kwenye king'amuzi.

Mke wangu alikuwa anaumia kwamba mengi ya watoto yanampita. Akirudi asubuhi wanajiandaa kwenda shule, na jioni wakirudi yeye anajiandaa kwenda kazini. Ndipo nikaanza kumwandikia kwenye daftari la shule kile kilichotokea usiku, namwachia mezani pembeni ya chupa ya chai. Hadithi ya muvi siandiki sana. Naandika watoto walisema nini, nani aliogopa, nani alisinzia kabla haijaisha. Baadaye nikaona siwezi tena kuacha. Likijaa daftari moja nanunua jingine.

Nakunakilia machache ili unielewe mimi ni mtu wa namna gani.

"Mkubwa, miaka 3. The Lion King. Baba yake Simba ameanguka, haamki. Ameniuliza kwa nini haamki, nikamwambia amekufa. Akakaa kimya, halafu akaniletea rimoti. 'Baba, rudisha nyuma.'"

"Mkubwa miaka 6, binti miaka 2. Binti haangalii TV, anamwangalia kaka yake. Kaka akicheka, naye anacheka. Kaka akishika kichwa, naye anashika kichwa."

"Mkubwa, miaka 8. Stelingi ametupwa mtoni amefungwa kamba. Binti anataka kulia. Mkubwa akamwambia: 'Hafi huyo. Angalia hapo chini, bado saa nzima.'"

"Binti, miaka 5. Jambazi akitokea anakwenda kusimama nyuma ya mlango wa chumbani. Anauliza akiwa hukohuko: 'Ameshaondoka?' Nikimwambia ameondoka, anarudi kukaa palepale."

"Mkubwa, miaka 10. Ameuliza kwa nini mama wa kambo kwenye muvi kila siku ni mbaya, mbona rafiki yake darasani analelewa na mama wa kambo na ndiye anayewasuka dada zake. Tumeongea mpaka saa nne."

"Mdogo, miaka 3. Umeme umekatika katikati ya muvi. Amesema: 'Wamelala wote.'"

Sasa mambo yamenifika kwa pamoja.

Baba yangu mzazi alifariki mwezi wa tatu. Binti, ambaye sasa ana miaka 7, alikuwa mtu wake wa karibu mno, ndiye aliyekuwa akimsindikiza shuleni. Tangu msiba, kila nikichomeka flashi ananiuliza: "Baba, kuna mtu anakufa humo?" Nikijibu yupo, anakwenda kulala. Nikijibu sijui, anakwenda kulala vilevile. Mke wangu anasema muvi yenye kifo isiingie tena nyumba hii mpaka watoto wawe wakubwa. Nimeanza kuruka vipande. Lakini muvi nyingi nzuri za watoto zina kifo ndani yake, na moyo wangu haujakubali kwamba kumficha ndiko kumsaidia.

Mkubwa ana miaka 11, yuko darasa la tano. Kwake katuni zimeshakuwa za watoto. Anataka muvi za vita na za mkono, zile zilizotafsiriwa na madijei, kwa sababu wenzake shuleni wanayajua maneno yake kwa moyo. Jirani amemwona kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea muvi kwa kiingilio, karibu na soko, saa ambazo kwangu ameaga anakwenda masomo ya ziada. Nilipomuuliza hakukataa. Alisema tu, "Nyumbani tunaangalia za mdogo."

Halafu kuna mama yangu. Baada ya msiba tumemleta akae nasi. Anasema TV inaharibu watoto, na baba kukaa mkekani kuandika maneno ya watoto si kazi ya mwanamume. Wakati huohuo kila jioni anafuatilia tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa, na mdogo wetu wa miaka 4 anakuwa amekaa miguuni pake. Humo kuna bastola, kuna watu kunyang'anyana waume, kuna mengine nisiyoweza kukuandikia. Siwezi kumpokonya rimoti mama yangu, tena mjane wa juzi.

Mwisho, mkubwa ameniuliza: "Unaandika nini kuhusu mimi?" Daftari sijampa bado. Niendelee kuandika au niache? Na hawa watoto niwaangalieje, kila mmoja kivyake au wote pamoja kama zamani?

Baba wa Mkekani, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa msiba wa mzee, na pole zangu zimfikie mama pia.

Barua yako nimeisoma, nikarudia yale uliyonakili kutoka kwenye daftari. Nitakuambia ninachokiona: umeuliza maswali ambayo nusu ya majibu yake umeshayaandika kwa mkono wako mwenyewe. Wazazi wengi huniuliza muvi gani ni nzuri kwa mtoto, na mimi huwa sina jibu mpaka nimjue huyo mtoto. Wewe unawajua hawa wako kwa maandishi, mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo nitakujibu nikiwa nimeshika karatasi zako.

Nianze na binti, maana huyo ndiye anayeumia.

Rudi kwenye yale ya mkubwa alipokuwa na miaka 3, alipokuletea rimoti umrudishe baba yake Simba. Mtoto wa umri ule anaamini kifo kinageuzika. Wataalamu wa makuzi ya watoto wanasema wengi hufahamu kati ya miaka 5 na 7 kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake hausikii wala haufanyi kazi tena, na kwamba kila aliye hai atafikia hapo. Binti yako ana miaka 7. Ameufikia ufahamu huo mwaka uleule ambao babu yake amezikwa. Watoto wengine hulijua jambo hili kwa kuku au paka aliyekufa uani. Yeye amelijulia kwa mtu aliyekuwa akimshika mkono njia nzima ya shule. Kwa hiyo anapouliza "kuna mtu anakufa humo?" anafanya jambo la akili sana: anaomba aambiwe mapema. Kifo cha babu hakikumpa taarifa, hiki cha kwenye muvi anaona anaweza kukipata taarifa yake.

Basi mpe taarifa, na uwe nayo kabla hajaiuliza. Usimjibu kamwe "sijui". Angalia muvi wewe kwanza, hata kama ni kwa kuirukaruka mchana ukiwa karakana, ili Ijumaa umwambie: "Yupo anayekufa. Ni bibi wa yule mvulana, inatokea katikati, hawaonyeshi damu, mvulana analia sana halafu kijiji kinamsaidia. Tukifika karibu nitakuambia." Halafu mwekee rimoti mkononi. Akitaka kusimamisha, asimamishe. Akitaka kwenda kusimama nyuma ya mlango kama alivyofanya akiwa na miaka 5, aende, nawe umjibu akiuliza kutokea huko. Ile ilikuwa njia yake nzuri na wewe hukumcheka. Na akisema hataki, muvi ibadilishwe bila maneno, au mzime TV mle bisi mkizungumza.

Kuruka vipande kimyakimya acha. Mtoto wa miaka 7 anajua muvi imeruka. Aliyekuwapo hayupo tena na hakuna anayesema amekwenda wapi. Hilo linamfundisha kwamba kifo ni jambo ambalo hata baba analikimbia, na akilala ataliwaza peke yake.

Hata hivyo, usimbishie mke wako. Fikiria anarudi kutoka wapi kila asubuhi. Wewe unatengeneza friji, yeye anafunika maiti. Huenda usiku uleule ambao ninyi mmekula bisi, yeye ameshika mkono wa mama wa mtu. Anaposema kifo kisiingie nyumbani anaongea mtu aliyechoka kukiona, na zaidi ya hapo amempoteza mkwe. Kaeni wawili siku yake ya mapumziko. Kubalianeni kwamba kwa miezi hii hamtatafuta muvi za misiba, na kwamba ikitokea yenye kifo binti ataambiwa na ataamua. Hapo mnaweza kukutana. Ila marufuku mpaka wawe wakubwa haitawezekana, kwa sababu hadithi za watoto duniani kote zimejaa yatima, na ni vizuri zimejaa.

Ipo filamu ya Kenya ya mwaka 2018, Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Inamhusu Jo, msichana wa miaka 9 mwenye ugonjwa usiopona, anayependa muvi za mapigano kuliko kitu chochote, na kijiji chake kinaungana kumtengenezea muvi ambayo yeye ndiye stelingi. Nakutajia kwa sababu mkubwa wako alipokuwa na miaka 8 alimtuliza mdogo wake kwa kumwambia stelingi hafi. Iko siku watahitaji kuona hadithi inayosema jambo gumu zaidi ya hilo, na inayolisema kwa Kiswahili, kwa upole, katika kijiji wanachoweza kukitambua. Lakini kwa binti yako si mwaka huu. Iangalie wewe na mama yao kwanza, na mkubwa anaweza kuiona kabla ya mdogo wake.

Sasa mkubwa.

Nimefurahi kwamba hakukudanganya ulipomuuliza uso kwa uso, na sababu aliyokupa ni ya kweli. Nyumbani mnaangalia za mdogo. Mtoto wa miaka 11 anayeweza kuuliza kwa nini hadithi zinamwonea mama wa kambo hawezi kushibishwa na katuni ya mtoto wa miaka 4. Amewaacha hapo mkekani kwa sababu amekua, na kwenye kibanda amepata watu wanaoongea naye kama mkubwa.

Usizikatae muvi za madijei kwa sababu tu ya dijei. Ile ni sanaa. Marehemu Lufufu hapa kwetu, na DJ Afro kule Kenya, waliwachukua watu wa Hong Kong na wa Hollywood wakawafanya waongee kama watu wa mtaani kwetu, wakaongeza utani, wakaeleza mila ngeni, na aliyeishia darasa la nne akaifuata hadithi sawasawa na aliyesoma. Mwanao anapoyashika maneno yale kwa moyo anajifunza kusimulia. Kinachonitia hofu ni kibanda. Mlangoni anaulizwa hela, haulizwi umri. Muvi ya saa kumi jioni ikiisha inawekwa nyingine, na hakuna anayetangaza kwamba hii ni ya wakubwa. Waliokaa pembeni yake hujui ni akina nani, na njia ya kurudi nyumbani ni giza.

Tanzania tuna Bodi ya Filamu inayopanga madaraja. Kenya bodi yao ina madaraja manne: GE kwa watu wote, PG kwa mtoto aliye na uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Yasome pale yanapoonekana. Lakini muvi inayotoka kwenye flashi ya dukani mara nyingi haiji na daraja lolote, kwa hiyo bodi ya nyumba yako ni wewe.

Mpe usiku wake. Wadogo wakishalala, mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili, wewe na yeye tu. Achague yeye, wewe upitie kwanza, na ukikataa umwambie kwa nini umeikataa: hii ina mwanamke anayedhalilishwa na kamera inafurahia, hii mtu anateswa dakika nyingi bila sababu. Asikie sababu, maana siku moja atachagua bila wewe. Mapigano ya mkono yenye mwanzo na mwisho, adui na haki, hayatamharibu mvulana wa miaka 11 aliyekaa na baba yake. Mtafutie pia nyingine zisizo za kupigana ambazo hazimfanyi mtoto. Queen of Katwe ya mwaka 2016 inasimulia maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa Kampala aliyetoka kuuza mahindi mtaani akafikia kucheza chesi kimataifa, na ni kisa cha kweli. Hiyo hata binti anaweza kukaa nayo.

Kibanda ni marufuku, na hilo usilizungushe. Mwambie kosa lake halikuwa kupenda muvi, lilikuwa kuaga masomo ya ziada huku anakwenda sokoni, kwa sababu jioni ile kama lingempata jambo ungemtafuta shuleni. Asikie kwamba uliogopa. Watoto wa kiume wa umri huo hawaambiwi mara nyingi kwamba baba zao huwa wanaogopa kwa ajili yao.

Na nina kazi ya kumpa. Ijumaa ya wote, weka katuni ya mdogo, zima sauti, mwache mkubwa awe dijei. Atafsiri, awape wanyama sauti, amwongezee sungura maneno ya shangazi wa sokoni. Mdogo atacheka mpaka ashike tumbo, na mkubwa hatasema tena kwamba ile ni muvi ya watoto kwa sababu atakuwa ndiye mwenye muvi. Umeandika mwenyewe kwamba binti akiwa na miaka 2 hakuwa anaangalia TV, alikuwa anamwangalia kaka yake. Nina hakika mdogo naye yuko hivyo. Kaka huyo ana nguvu kuliko skrini, mtumie.

Hilo linanileta kwa mdogo, na kwa mama yako.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo vizuri, walio chini ya miaka 2 wasiwekwe kabisa. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku. Kwa hiyo mdogo akiangalia tamthilia na bibi, kisha muvi na ninyi, kipimo kimeshapita na usingizi umeliwa. Saa moja hiyo ipe kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake. Akili and Me inatengenezwa hapahapa Dar es Salaam kwa watoto ambao hawajaanza darasa la kwanza, na waliotengeneza hiyo ndio wenye Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa mwaka 2014, ambayo itamfaa zaidi binti.

Kuhusu bastola za kwenye tamthilia, mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima akimpiga mdoli mkubwa wa kupulizwa upepo. Walipoachwa na mdoli yule, watoto waliouona mchezo ule waliurudia, kwa mateke na kwa maneno yaleyale, kuliko wenzao ambao hawakuuona. Mtoto wa miaka 4 ni mwigaji. Na hofu yake haifanani na ya binti. Joanne Cantor, mtafiti wa Marekani aliyeshughulikia hofu za watoto mbele ya TV kwa miaka mingi, alionyesha kwamba wadogo huogopa kinachoonekana kibaya: sura, meno, mtu anayegeuka ghafla. Wakubwa kidogo huogopa kinachoweza kutokea kweli. Ndiyo maana jini la kwenye muvi linaweza kumkosesha mdogo usingizi wakati binti halishughulikii, na mzee anayekohoa kitandani kwenye muvi akampita mdogo bila habari huku binti ameshika blanketi.

Mama yako usimkosoe mbele ya watoto, wala usimtume mkeo. Mkwe akibeba ujumbe huo, nyumba itakuwa na ugomvi ambao hautakuwa wa TV tena. Nenda mwenyewe chumbani kwake, ukae chini, uzungumze naye kama mwanawe. Yeye anasema TV inaharibu watoto, basi anza hapo, mkubalie, maana kuna ukweli. Kisha mwombe msaada: "Mama, huyu mdogo analala kwa shida. Nisaidie alale mapema, umsimulie za zamani mpaka asinzie, halafu tamthilia yako uiangalie kwa utulivu." Au angalia kama ina marudio ya mchana, mdogo akiwa chekechea. Mjane ambaye nyumba yake imefungwa na amehamia kwa mtoto anahitaji kuwa na kazi ya heshima mle ndani, na hakuna kazi kubwa kuliko hiyo ya kumlaza mjukuu kwa hadithi. Tena binti naye atasogea kusikiliza. Bibi ndiye mtu pekee hapo anayeweza kumwambia babu alikuwa mtoto wa namna gani.

Na tamthilia ile usimnyime. Jioni ndizo saa ambazo mumewe angekuwa amekaa pembeni yake. Akitaka mtu wa kumsikiliza akilaani wale wabaya wa Kituruki, kaa naye siku mojamoja.

Kuhusu kwamba uandishi wako si kazi ya mwanamume: nilikua Dar es Salaam enzi za Drive-In, sinema ya uwanjani iliyoangaliwa ukiwa garini, baba yangu akitupakia kwenye gari pamoja na mikeka na chakula, na ndiye aliyekuwa akitueleza nani ni nani kwenye skrini. Hakuna aliyemwona amepungua. TV ilipokuja Bara mwaka 1994 akina baba wengi waliiacha iwalee watoto, wakaenda zao barazani. Wewe umebaki. Endelea kuandika.

Ila sheria ya daftari sasa ibadilike, kwa sababu mwenye habari amekua. Mkubwa amekuuliza unaandika nini kuhusu yeye, na hilo ni swali la haki. Yale ya utotoni msomee, anza na la rimoti, ataona jinsi ulivyokuwa ukimwangalia. Ya mwaka huu mpe asome mwenyewe. Kama kuna ukurasa unamwaibisha na anaomba usiwepo, uchaneni pamoja. Kuanzia sasa muulize kabla ya kuandika jambo lake la ndani, na mwahidi kwamba maneno yake hayatasomwa kwa wajomba kwenye sherehe wala kupigwa picha yakarushwa kwenye kundi la familia la WhatsApp. Binti akifika umri huo naye utamuuliza. Na kwa kuwa daftari ulilianza kwa ajili ya mama yao, mwombe naye aandike zile Ijumaa anazokuwa nyumbani. Utashangaa anachokiona yeye ambacho wewe hukukiona.

Umeuliza kama uwaangalie pamoja au mmojammoja. Fanya vyote viwili: Ijumaa ya wote iwe fupi, ya kucheka, mdogo alale mapema, na Jumamosi igawanywe kati ya mkubwa na binti kwa zamu. Zamu ya binti si lazima iwe muvi. Huenda akataka kukaa tu.

Mwisho, mfuatilie huyo binti kwa wiki kadhaa zijazo. Kuuliza kuhusu kifo, kulia akimkumbuka babu, kukataa muvi fulani, hayo ni ya kawaida kwa mtoto aliyefiwa. Lakini ukiona hali chakula, anaamka usiku mara kwa mara, anakataa shule, au anasema anataka kumfuata babu, usingoje. Ongea na mwalimu wake wa ushauri na unasihi, mwende hospitali au kwa afisa ustawi wa jamii wa kata yenu. Ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, inapigwa bila malipo, na mzazi naye anaruhusiwa kupiga. Mama yao yuko kwenye huduma ya afya, atajua nani hapo Morogoro anayezungumza vizuri na watoto. Mwulize asubuhi hii akirudi.

Shangazi